Tulivyoizunguka Pemba Kutafuta Kanga

Mwaka ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakalala, na majamvi ya kuanikia yakaadimika Mtambile nzima. Msimu ulipokwisha mama akatangaza kwamba tunakwenda kutembea. Si Chake na kurudi, alisema. Mkoani, Chake, Wete, na Fundo. Alipoitaja Fundo alitazama kando, nami nikajua safari yenyewe ni hiyo. Miji mingine ilikuwa kachumbari.

Fundo ni kisiwa kidogo mbele ya Wete, na huko alikuwako mama mdogo, ndugu yake wa pekee, aliyeolewa na mvuvi. Wazee hawakumtaka mvuvi. Sisi watu wa mikarafuu tulijiona sana siku hizo, utadhani hata samaki tunawachuma mtini. Lakini mama mdogo alishikilia lake, akaolewa. Mama, kwa kumfurahisha, akampelekea doti ya kanga yenye pindo jekundu na maua ya manjano katikati. Tangu hapo kila salamu aliyoituma ikawa haijibiwi. Baadaye mtu akaja kutueleza kwamba kanga ile jina lake ni UMEYATAKA MWENYEWE.

Nani angeamini kwamba mama hakukusudia? Alikuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwetu, na barua za majirani akiwaandikia yeye, kwa herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu, ambazo ndizo zilizokuwa zikiandikwa kwenye kanga, hakuzijua hata moja. Alikuwa amechagua maua. Neno moja tu lingemaliza ugomvi: "Sikujua kuisoma." Neno hilo mama hakulitoa. Mwalimu aseme hajui kusoma! Mimi niliyekwenda skuli niliona anavyoteseka, na wakati mwingine nilimwonea huruma, na wakati mwingine nilitamani kumtikisa mabega.

Kilichomvunja ni habari aliyoipata kisimani, kwamba mama mdogo aliugua sana, akapona.

"Nasikia kisimani, kama ntu baki," alisema, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Shauri lake lilikuwa hili: aitafute kanga ile ile, aivae mwenyewe, aende nayo Fundo. Ndugu wakivaa sare ni wamoja. "Nkiivaa na miye," alisema, "tusi litakuwa letu sote." Nikamwambia kanga ya miaka ile haipatikani. Akanijibu kwamba macho ninayo na kusoma najua, basi kazi yangu ni kusoma.

Tukaanza na Mkoani, kwa jamaa za baba, ambako meli ya Unguja ilikuwa imefunga gatini na mji mzima umeteremka kuitazama. Tulilishwa changu wa kukaanga na mkate wa kumimina mpaka nikafungua vishikizo. Asubuhi mama alivua viatu akatembea pwani, buibui mkononi, akaokota makombe kama msichana. Kisha tukaingia madukani. Yeye akionyesha maua, mimi nikisoma jina kwa sauti. "Njoo basi, mpenzi." Siyo. "Wivu wako haunipunguzii kitu." Siyo. Wapagazi wa gatini wakaja kusimama mlangoni kunisikiliza, na mmoja akaniitikia, "Naja!" Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alicheka, nami nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi.

Gari la kwenda Chake likatupitisha Mtambile, mbele ya nyumba yetu wenyewe. Majirani wakapiga kelele, "Mmesharudi?" Mama akatoa mkono nje na kuupunga. "Bado!" akawajibu. "Bado kabisa!"

Chake nayo haikuwa na kitu. Tulikula halua, tukateremka kuitazama hori ikijaa maji kati ya mikoko, na mwenye duka mmoja akamwambia mama kwamba maua yale yamepitwa na wakati, achukue ya ndege. Mama akamjibu kwamba ndege hajagombana nao. Nilianza kuchoka, nikasema tununue yoyote. Alinitazama mpaka nikajutia mdomo wangu.

Tukaipata Wete. Tulikuwa tumefikia mtaa wa Jadida kwa shangazi, na mama hakungoja hata kumaliza chai. Duka la tatu, Mhindi mzee akainama chini ya rafu ya mwisho, akatoa doti iliyofifia kwenye mikunjo. Pindo jekundu, maua ya manjano. Nikasoma: ndiyo yenyewe.

"Hii hainunuliwi, bibi," akasema yule mzee. "Nani ampelekee mwenzake maneno haya?"

"Miye nlipeleka," akasema mama. Alilisema waziwazi, mbele ya wateja wote.

Kesho yake tukapanda mashua. Mama, mtu wa shamba tangu kuzaliwa, alijifunga kanga juu ya buibui, akakaa kama anakwenda kupokewa na mfalme. Hatukufika mbali akaanza kutapika. Wimbi likampiga, ushungi ukamteremka, naye akawa anasoma dua zote alizowahi kusomesha. Nilimwambia turudi. Akatikisa kichwa.

Fundo maji yalikuwa yametoka, mashua ikakwama mbali na pwani. Mwanamume mrefu akatujia majini, akamshika mama mkono, akamwongoza taratibu kwenye matope. Ndiye huyo mvuvi, mume wa mama mdogo. Wanawake waliokuwa wakitanda dagaa, wakiwavua kwa nguo majini, wakasimama kututazama. Mmoja wao, aliyelowa mpaka kiunoni, hakumtazama mama usoni. Alitazama maua.

"Umeivaa hiyo?" akauliza mama mdogo.

"Nimeivaa."

"Wajua isemavyo?"

"Sasa najua. Siku ile sikujua." Mama alikuwa amesimama, matope magotini, mbele ya watu asiowajua. "Herufi hizi sizijui. Sijui kuzisoma miye, ndugu yangu."

"Mwalimu mzima!" akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Mwalimu mzima," akasema mama. "Sijui."

Mama mdogo aliiachia ile nguo ya dagaa, na dagaa wakarudi zao baharini.

"Wala miye sizijui," akasema. "Nlisomewa."

Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba walishikana wakaanguka wote wawili kwenye maji machache, wakicheka na kulia, na mimi nikalia nao, na hasira yangu yote ya miaka ile ikaniishia hapo hapo. Vigelegele vikapigwa na watu ambao nusu yao hawakujua sababu.

Walipoinuka mama mdogo akaninyooshea kidole. "Weye si umesoma? Hebu tusomee, tuisikie kwa ntu wetu."

Nikalikunjua pindo la mama lililolowa, nikasoma kwa nguvu zangu zote: "Umeyataka mwenyewe!"

Mama mdogo akageuka kumtazama mumewe, aliyekuwa bado amesimama majini na viatu vya mama mkononi.

"Kweli," akasema. "Nlimtaka mwenyewe. Na hadi leo namtaka."