Ulimi wa Hail

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na gauni la nyumbani na kanga, maana hakuna aliyeniambia kama ile ni kazi. Ilikuwa asubuhi ya pili tangu mtaa wetu wa Hail ulale Maskati na kuamka pwani ya Ureno, zama za wafalme na mapanga, pamoja na nyumba zake, misikiti yake, magari yake na sisi tuliokuwamo. Ilikuwaje, hajui mtu. Waliosoma wamebuni mengi na mie sijaridhika hata na moja. Mtaa jirani wa Mawaleh ulibaki ulikokuwa na soko lake la mboga. Madinat Sultan Qaboos ilibaki pia, na binti yangu na wanawe wanakaa huko. Hilo nnalisema mara moja tu kisha naliacha, kwa kuwa nyinyi vijana mliozaliwa huku mmeniomba nieleze kazi ya tarjumani, hamkuniomba machozi.

Wapanda farasi walikuja mpaka kwenye raundabauti wakasimama. Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa, mstaafu wa wizara, akatoka mbele yao na kilemba chake kilichonyooka akawasemesha Kiingereza. Hawakujua. Akawasemesha Kiarabu, na hapo mikono yao ikaenda kwenye panga, kwani Kiarabu kwao ilikuwa lugha ya adui waliyekwisha kumtoa nchini kwa damu. Mie nilikuwa nyuma na wanawake wenzangu. Nikasikia mmoja anataka "mesa", mwengine anaonyesha "bandeira" yao. Nikamwambia jirani yangu, hee, kwani hawa si wanataka meza, na ile si bendera yao? Wazee wetu Unguja, tulikotoka wengi wetu wa Hail, waliwaita watu hawa Wareno, na Wareno walipofukuzwa na mababu zetu walituachia maneno: meza, bendera, leso, karata, mvinyo. Mwenyekiti akageuka akauliza nani huyo aliyefahamu, nikasukumwa mbele. Ndivyo nilivyoajiriwa, bila mtihani wala barua.

Tarjumani Wareno humwita lingwa, maana yake ulimi. Miaka yote ile hakuna Mreno aliyeniita Bi Zeyana. Niliitwa Ulimi, na kwa kweli kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuna kutafsiri kwa kufuatana: mtu anasema, ananyamaza, nawe unasema. Kuna kunong'ona: unakaa nyuma ya bega la mkubwa wako unamtilia sikioni yanayosemwa, usikohoe wala usiheme. Na kote sharti ni moja, nalo wanafunzi hawalipendi. Husemi "anasema kwamba". Akisema mimi, nawe sema mimi. Akitukana, umetukana weye. Hutii chumvi wala hupunguzi ukali. Haki unayo moja tu, kuomba kauli irudiwe pale unapoona hukuipata vyema, na mwenye adabu haitumii ovyo.

Kituo changu cha pili kilikuwa ngomeni, kwa Mkuu wa Ngome, bwana mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Tulipomaliza kujadiliana mapatano ya amani, alisema twende tukaapie "igreja". Mie nikasikia gereza, na nani kati yetu angelisikia vyengine? Nikauambia ujumbe wetu kwamba tunapelekwa gerezani. Basi ilikuwa mtafaruku. Mwenyekiti akapauka uso, wengine wakaanza kusoma Yasini, dereva akawasha gari. Tulikuwa na Prossy, msichana wa Kiganda aliyefanya kazi nyumbani kwa Mwenyekiti, aliyeletwa siku ile kubeba madele ya kahawa. Yeye aliuona mlango mkubwa uko wazi, akaona mishumaa na msalaba, akaweka madele chini akaingia zake. Tulipomfuata tulimkuta amepiga magoti analia.

"Mama, ni kanisa tu," akaniambia. "Tangu nifike kwenu sijaingia kanisa."

Kwenu, alisema. Siku ya mapumziko hakupewa hata moja, na pasi yake ya kusafiria ilikuwa imefungiwa kabatini kwa Mwenyekiti. Sote tulijua, na kila nyumba Hail ilikuwa na kabati kama hilo. Ama neno la Wareno la kanisa, mababu zetu walilipokea wakalifanya jina la jela, na sababu yake mtaitafuta wenyewe.

Tangu hapo Prossy akawa anakwenda misa kila Jumapili, kwa kuwa Wareno walimtaka, na kila akirudi alikuwa na maneno mapya mdomoni. Kireno kilimwingia haraka kuliko mimi. Nikamwomba Mwenyekiti anipe awe msaidizi wangu. Alikubali kwa sharti kwamba jikoni amalize kwanza. Basi alikuwa akija kwangu mikono ina harufu ya kitunguu thomu, tunakaa sebuleni namfundisha. Sharti la "mimi" lilimshinda siku nyingi. Aliniuliza, je, hata kama mtu anasema uongo? Nikamwambia hata hivyo, uongo ni wake, ulimi tu ndio wako. Nilimpenda yule msichana, nasema wazi. Alinisuka nywele, alinipikia matoke kwa ndizi alizookota sijui wapi, na siku nilizomkumbuka binti yangu nikashindwa kunyanyuka, yeye ndiye aliyekaa kitandani nami akanyamaza.

Kituo cha tatu kilikuwa forodhani, mjini kwao. Kufikia hapo petroli ilikuwa imekwisha, taa zimezimika, na Wareno waliotuogopa kwa ajili ya magari na taa wakaacha kutuogopa. Mkuu wa Forodha alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kucha safi. Kando ya forodha yake watu weusi walikuwa wakiuzwa. Tulipita hapo kila siku tukageuza nyuso upande wa bahari. Siku moja akamtumia Mwenyekiti ujumbe: anataka kujua wale wanawake weusi wa Hail ni watu huru, au ni wa nani.

Ilisadifu kwamba wiki ileile Prossy na wenzake walikuwa wameomba ruhusa wahamie mjini, karibu na kanisa, wafanye kazi kwa hiari yao. Mabibi wa Hail walipiga kelele hadi mbinguni. Nani atapika, nani atalea watoto, nani atamgeuza mama mzee kitandani? Kamati ikakaa, na Mwenyekiti akatoka na jibu lake. Nilimshika njiani nikamwambia asilitumie lile neno "wetu". Nikamweleza kwamba "wetu" kinywani mwetu ni jamaa, ni mtu wa nyumbani, lakini mbele ya Mreno wa forodhani "wetu" ni kitu chenye mwenyewe.

"Bi Zeyana," akasema, "wewe ni ulimi. Ulimi haufikiri. Wakiwa huru watatoka wote. Wakiwa wetu, watakaa. Kwani hatuwalishi?"

Mkuu wa Forodha akataka Prossy ndiye atafsiri, maana ni Mkristo mwenzake na anamwamini. Mie nikawekwa nyuma. Swali likaulizwa, Prossy akalileta kwa Kiswahili kama lilivyo: hawa wanawake ni huru, au ni wenu? Mwenyekiti akatabasamu, tabasamu lake la kupokea wageni wa Idi, akasema, "Mwambie, hawa ni wetu."

Prossy alimgeukia Mwenyekiti. Kisha akaitumia ile haki niliyomfundisha.

"Baba, naomba urudie."

Nilimtazama Mwenyekiti nikiomba Mungu. Maneno yalikuwepo tele. Angeweza kusema wageni, wafanyakazi, angeweza kusema ni watu huru akaenda zake nyumbani kula. Akarudia, taratibu, kana kwamba anamtunuku mtu zawadi: "Hawa ni wetu. Na weye Prossy, ni wetu."

Basi Prossy akalitia kwenye Kireno, kwa sauti ya juu, bila ya kuongeza wala kupunguza. "Hawa ni wetu. Na weye, Prossy, ni wetu." Jina lake mwenyewe alilitamka kama la mtu asiyemjua. Nikasimama. Nikasema kwa Kireno changu chote kwamba neno hilo halikukaa sawa, kwetu lina maana nyengine. Mkuu wa Forodha akamuuliza Mwenyekiti, kwa adabu, kama huyu bibi anasema kweli. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukataa. Nikatolewa nje, na kesho yake nikaondolewa forodhani nikarudishwa langoni kuwauliza wauza samaki samaki wao bei gani. Hicho ndicho kituo changu cha nne, na sikupata chengine.

Baridi ilipoingia chakula kikaisha. Tungelikuwa na Mawaleh tungelikuwa na viazi angalau, lakini tulikuwa na majumba ya marumaru na majiko ya umeme yasiyowaka. Kamati ikaenda forodhani kuomba unga. Mkuu wa Forodha akajibu, kwa upole wake uleule, kwamba hatuna haja ya kuomba na hali tuna mali. Wale wanawake wakachukuliwa, leo wawili, kesho watatu, na magunia ya unga yakaja badala yao. Hakuna aliyeita kuuza. Waliita kuwapeleka kazini mjini. Prossy alitangulia, kwa kuwa alijua lugha. Mke wa Mwenyekiti alilia sana siku ile, kisha jioni akauliza nani atakanda unga. Mkate ule ulikuwa mzuri, na kila mtu Hail aliula.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnasema Kireno tangu utotoni, ulimi hamna haja nao, na kazi yangu imekufa kabla yangu. Sisikitiki. Nakasirika tu, na hasira yangu haijazeeka pamoja nami. Nawasikia barazani mnalalamika kwamba kutoka langoni lazima muombe ruhusa, kwamba majina yenu wameyabadili Wareno, kwamba dada zenu wanaitwa kwenda kufua mjini na hawaulizwi kama wanataka. Mnadhani tulidhulumiwa tangu siku ya kwanza. Mnaniuliza kwa nini mkisema "Hail yetu" nanyanyuka naingia ndani. Basi nitakuelezeni siku yangu ya mwisho kazini.

Mkuu wa Forodha alikuja mwenyewe mpaka kwenye raundabauti ile ile, na askari nyuma yake. Amezeeka. Pembeni yake alisimama mwanamke wa makamo na shali jeusi, mgongo umenyooka, naye ndiye ulimi wake. Nilimtambua kabla hajanifikia. Nikamwita jina lake, akaniangalia, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima kama zamani. "Shikamoo, Mama," akasema, kisha akarudi mahali pake, maana alikuwa kazini.

Mwenyekiti aliletwa kwa kushikiliwa mikono, kilemba bado kimenyooka. Mie nikakaa nyuma ya bega lake kumnong'oneza. Mkuu wa Forodha akasema maneno machache. Nilivuta pumzi nitafsiri, lakini Prossy alikwisha kuanza, na hakuhitaji msaada wangu. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha jikoni kwa Mwenyekiti, na alishika sharti kama nilivyomfundisha.

"Kuanzia leo," alisema, "nyinyi ni wetu."

Mwenyekiti akanigeukia.

"Sikusikia vizuri," akaniambia. "Bi Zeyana, mwambie arudie."

Prossy alikuwa ameshasikia mwenyewe. Hakumgeukia Mkuu wa Forodha kumwuliza. Alimwangalia Mwenyekiti, akairudia taratibu, bila ya kuongeza wala kupunguza.

"Wetu, baba," akasema. "Ni wetu."