Tyubu ya Jeki

Fundi cherehani alikuwa amepima viuno vya watu miaka thelathini, vya wembamba na vya wenye vitambi, na hata kimoja hakijawahi kumgonga mkono. Siku alipompima mumewe suruali ya harusi ya binti yao, utepe ukaruka karibu na kitovu. Akaweka kiganja. Kitu kikapiga, kikapiga tena, kwa mwendo wa moyo, mahali ambapo moyo haukai.

"Acha kunitekenya, mama," mumewe akacheka.

Mwanamke hakucheka. Kesho yake alimburuta hospitali.

Mume huyo mtaa mzima unamwita Jeki. Ni fundi matairi, mbishi wa kutupwa, na sigara alizovuta tangu ujana zingejaza chumba. Daktari, mwanamke kijana mwenye subira, alimweleza taratibu.

"Mzee, mafuta yamejijenga kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, miaka na miaka. Hayakukaa juu juu, yameingia ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta umedhoofika, damu inausukuma, sasa umetuna. Ukipasuka, huenda tusikuwahi. Ila tunaweza kupitisha mrija wa kitambaa kwa ndani, damu ipite humo."

Jeki akavaa kofia. "Yaani mnatia tyubu ndani ya tairi lililotuna?"

Kwake hilo lilikuwa tusi. Wateja waliomwomba ujanja huo aliwafukuza, na tairi lililotuna alilichana kwa kisu palepale, asije mwingine akauziwa kifo. "Ukuta ukienda, na tyubu inakwenda," alisema njia nzima. Akishasema, amesema.

Wiki mbili mkewe aliishi roho mkononi. Alilia jikoni huku bomba likimwaga maji, asisikike. Kubishana na yule mtu hakujawahi kumsaidia, kwa hiyo hakubishana. Alirudi hospitali peke yake.

"Mwanangu, nionyeshe hicho kitambaa."

Daktari alishangaa, lakini akatoa cha mfano kabatini. Fundi akakifanyia anachofanyia kitambaa chochote: akakivuta kwa urefu na kwa upana, akakigeuza nje ndani, akakwaruza mshono kwa ukucha, akatafuta uzi wa kuchomoa. Hakuupata. Akauliza kinashikiliwa na nini, akaonyeshwa vijino vya waya vinavyong'ata mshipa ulio imara bado, juu na chini ya pale palipotuna.

"Kwa hiyo nguvu ya damu inabebwa na hiki, si na ule ukuta mbovu?"

"Ndiyo, mama. Hicho ndicho kinachobeba."

Alimkuta Jeki kibandani, amekaa juu ya tairi la lori.

"Tyubu yako inauegemea ukuta," akamwambia. "Ile haiegemei. Inajibeba yenyewe. Nimeishika kwa mikono yangu."

"Na mshono?"

"Nimeutafutia kasoro, nimekosa. Na unanijua."

Anamjua. Mwanamke huyu aliwahi kurudisha jora zima dukani kwa sababu ya uzi mmoja. Jeki akaokota spana, akaiweka chini.

"Mke wangu, si tyubu ninayoiogopa," akasema mwishowe. "Naogopa nilale kule ndani, wewe ukae kwenye benchi la nje peke yako, halafu mlango ufunguliwe, mtu atoke, ashindwe kukutazama usoni."

Kumbe ubishi wote ule ulikuwa huo. Mkewe alimpenda pale kuliko siku yoyote, na alikuwa na hasira naye pia, kwa wiki mbili nzima za kulia na bomba. Akakaa kando yake juu ya tairi.

"Benchi hilo nimeshalikalia wiki mbili, Jeki. Nimelikalia jikoni, nimelikalia kwenye cherehani. Na wewe hata kitanda cha hospitali hujapanda."

Jeki akafuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akafunga kibanda, saa nne asubuhi, wateja wawili wakingoja.

"Twende," akasema.