Siku Niliyouza Dume la Mama Nasieku

Nyinyi mnaonijua kazini mnaniona mtu wa heshima zake, kwa hivyo hii nitasema mara moja tu, mcheke mmalize: mimi, Wafula, niliwahi kuuza ng'ombe ya wenyewe mchana peupe, mbele ya soko zima, tena nikipigiwa makofi.

Hiyo ilikuwa miaka ile tulikuwa tunavaa simu shingoni kwa kamba. Nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela, bado niko kwa miezi ya majaribio kazini, na kamati ya soko moja la mifugo huko Kajiado ilitaka ofisi yetu iwatengenezee programu ya kompyuta ya kuweka rekodi. Mkubwa wangu, Madam Rose, akaniambia, "Usikae ofisini ukiwatungia mahitaji yao. Enda mchore pamoja vile soko linaenda, ndio tujue wanataka nini."

Basi nikabeba karatasi za manila, kalamu za rangi na vile vikaratasi vya kunata (vya manjano na vya waridi, nilijiona profesa), nikasimama kwenye kibanda cha soko. Nikiwasalimia "Sopa!" wanaitika "Ipa!" kwa nguvu, lakini nikisema mtu aje achore, kila mmoja anaangalia viatu vyangu. Kufika saa tano ukutani kulikuwa na kikaratasi kimoja, na ni mimi nilikuwa nimekibandika. Madam Rose, aliyekuja kuona nitafanyaje, amekaa nyuma, anaandika kitu kwa diary.

Hapo ndipo nikaamua kajambo kadogo tu. Nje ya kibanda kulikuwa na dume jekundu limefungwa kwa nguzo. Nikasema, "Wacheni karatasi, tuigize! Mimi ndiye muuzaji, hii ndio ng'ombe yangu. Nani ananunua?" (Sikuuliza ni ya nani. Nilidhani ni ya soko, kama viti.)

Watu wakaamka, wakacheka, wakazunguka dume. Sasa Bwana Abdirahman, mfanyabiashara wa mifugo mwenye ndevu za hina, alikuwa ndio anafika, na lile neno la kuigiza hakulisikia. Akashika nundu, akaangalia meno, akaniuliza bei. Mimi sijui bei ya ng'ombe, nikataja ile najua, ya mbuzi mkubwa. Mzee akanishika mkono haraka sana, akanitia noti kwa mfuko wa shati, na watu wakapiga makofi. Nikajiambia, huyu mzee anaigiza kuliko wote! Nikageukia ukuta na kuandika kwa herufi kubwa: MNUNUZI ANACHUKUA NG'OMBE.

Na kweli alikuwa ameichukua. Mama Nasieku, mwenye dume, akarudi kutoka kunywa chai akakuta nguzo tupu.

"Ng'ombe ya harusi ya msichana wangu iko wapi?"

Wote wakanionyesha mimi, kwa vidole.

Sijui nilikimbia vipi na vile viatu. Lori lilikuwa bado kwa foleni ya kibali cha daktari wa mifugo, dume likichungulia juu, na mimi nikashikilia mlango wa lori nikipiga kelele, "Ilikuwa mchezo, mzee, ilikuwa mchezo!" Bwana Abdirahman akaniangalia kwa huruma. "Kijana, mbele ya watu wote ulisema ni yako. Mimi ningejuaje?"

Nikatoa zile noti mfukoni nimrudishie. Lakini Mama Nasieku, aliyekuwa amefika akihema, akasema polepole, "Hata ile nyeusi yangu iliibwa, ikauzwa hapa hivyo hivyo." Mzee mwingine akadakia, ya kwake pia. Bwana Abdirahman naye akasema aliwahi kulala seli kwa kununua ng'ombe ya wizi bila kujua. Ghafla kila mtu ana maneno, wanabishana alama gani ya ng'ombe iandikwe na nani awe shahidi, huku noti zikirudi kwa mwenyewe na dume likiteremshwa. Madam Rose akanipa kalamu. "Wafula, andika."

Tukachora mpaka manila zikaisha. Mama Nasieku ndiye aliyechora alama ya boma lake kwa mkono wake, na kwa harusi nilialikwa, nikakalishwa karibu na nyama na kuitwa "muuzaji" siku nzima. Kazi pia nilipewa.

Tangu hapo nimefanya mikutano mingi, Illasit mpaka Magadi, na watu huigiza wanavyotaka. Lakini mnyama wa kweli sitaki kumwona: hata kuku akipita karibu, nasimamisha mkutano mpaka mwenyewe aje amchukue.