Picha ya Kujaza Kioo

Baba alifika kwetu Mkonze mwezi wa Juni, upepo wa baridi ukiwa umeshaanza kuleta mchanga hadi ndani ya vikombe, na kitu cha kwanza alichoulizia kilikuwa televisheni. Nikamwambia ilikufa siku umeme ulipokatika ukarudi kwa fujo.

"Sasa humu ndani mnaangalia nini?"

"Tunaangaliana, baba," mke wangu akamjibu. Baba hakucheka.

Kwa maneno yake mwenyewe, alikuja kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho na hospitali ilimpangia siku ya kumwona daktari. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yote. Mtu aliyefanya kazi ya reli pale Gulwe miaka yake yote bila televisheni, kisha akastaafu akarudi milimani kwao Kondoa kulima mbaazi, haamki siku moja akawa na kiu ya kusikiliza Bunge. Na baba alitaka Bunge. Taarifa ya habari hakuitaka, mpira hakuutaka, hata mawaidha hakuyataka.

Dada yangu ni mkalimani wa lugha ya alama. Bunge likikaa, yeye na wenzake hupokezana kusimama kwenye kile kisanduku kidogo kinachoonekana pembeni mwa picha, wakiyageuza maneno ya wabunge kuwa mikono. Aliolewa bomani na mwalimu Mkristo kutoka Buigiri. Kwetu binti wa Kiislamu haolewi hivyo, na baba alisema mbele ya ndugu wote kwamba hatamtia machoni tena. Ni mtu wa neno moja. Dada akipiga simu nyumbani, baba humpa mama ile simu ikiwa bado inaita. Mimi nilikuwa nikienda kwa dada, baba anajua, na nikirudi hakuwahi kunikataza wala kuniuliza hali yake. Angenikataza ningeelewa. Kule kutouliza ndiko kulikoniuma.

Mama ndiye aliyeninong'oneza. Mtu mmoja alirudi kutoka mjini akamwambia baba msikitini kuwa amemwona binti yake Bungeni, kwenye televisheni, akipunga mikono. Baba akajibu kwamba yeye hana habari za Bunge. Wiki ile ile akakumbuka kuwa jicho linamsumbua. Nadhani alikuwa amejitolea fatwa yake mwenyewe kwamba kuona picha si kumtia mtu machoni. Tatizo ni kwamba Bunge lilikuwa linamalizia mkutano wa bajeti. Likishaahirishwa, baba angerudi Kondoa na jicho lake, na kwa ninavyomjua asingejipa ruhusa ile mara ya pili.

Mimi ni mtu wa masjala wizarani. Kompyuta naijua kwa upande wa kuandika na kuchapa, basi. Lakini nyumbani tulikuwa na kompyuta ya mezani, yenye kioo cha zamani cha mraba nilichokinunua ofisi moja ilipokuwa inaondoa vitu vyake vya kale, na nilishasikia kwamba ile programu tunayochezea video za harusi inaweza pia kuonyesha televisheni. Mjini nikapata kijiti cha kunasia matangazo, kidogo mfano wa flashi, chenye tundu la kuingizia waya wa antena. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni kuchomeka tu. Wauzaji wote wa vitu vya umeme husema hivyo.

Nikachomeka. Programu ikaniuliza inase kutoka kifaa gani, nikaionyesha. Ikauliza masafa, nikaiachia itafute yenyewe. Mstari ukasogea taratibu toka mwanzo hadi mwisho wa kioo, na mwisho ukafika bila kituo hata kimoja.

"Treni yako inapita stesheni zote bila kusimama," baba akasema. Kwake yeye, kiwe cha reli au cha televisheni, kituo ni stesheni.

Nikapanda juu ya bati. Antena ilikuwa imegeuzwa na upepo ikawa inatazama upande wa mashamba ya zabibu, ambako hakuna anayerusha chochote. Nikaielekeza kwenye kilima chenye minara, nikaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Baba alisimama uani, kofia yake ya kiua kichwani, akinielekeza kwa mkono, wakati haioni hata antena yenyewe. Tukarudi ndani kutafuta upya. Safari hii vituo vikaanza kushuka kimoja kimoja kwenye orodha. Cha kwanza kilikuwa na sauti bila picha, cha pili kikawa na picha iliyoganda, na baada ya kukaza waya nyuma ya kijiti tukapata Bunge, sauti na picha. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kulikuwa na dosari moja. Picha haikujaza kioo. Ilikaa katikati, juu na chini kukiwa na weusi mtupu, na mimi sipendi kitu kisichojaa mahali pake. Ni ugonjwa wa watu wa masjala. Nikaingia kwenye menyu, nikakuta pa kuikata picha ilingane na kioo. Nikabonyeza. Weusi ukaondoka, wabunge wakanenepa, Spika akawa mkubwa kama yuko dirishani kwetu. Nikamwambia baba kwamba kwa macho yake hiyo itamfaa zaidi. Akanishukuru.

Alikaa pale asubuhi na jioni. Nikitoka kazini namkuta kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, akiwaangalia mawaziri wakijibu maswali ya barabara na visima. Nilichogundua ni kwamba alikuwa akiegemea upande wa kulia. Mara nyingine aliinama kabisa, shavu karibu na ukingo wa kioo, akichungulia mithili ya mtu anayetaka kuona nani yuko nyuma ya mlango.

"Shingo inauma, baba?"

"Shingo haina neno."

Mke wangu akampa mto. Akaupokea, akauweka chini.

Siku ya kumwona daktari niliomba ruhusa kazini nikampeleka. Daktari akasema jicho litasafishwa baada ya mavuno, arudi. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akawasha kompyuta mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, na akaniomba nimfungulie stesheni yake. Bunge lilikuwa linaahirishwa kesho yake. Hakulitaja hilo, ila alikuwa amefungasha nguo zake kwenye mfuko tayari.

Nilikaa nyuma yake na chai yangu. Mbunge fulani alikuwa akilalamikia mbolea. Baada ya muda baba akasema, bila kugeuka, "Ule mkono ni wa nani?"

"Mkono upi?"

"Pale chini. Unaingia, unatoka."

Nikasogea. Kwenye ukingo wa kulia wa kioo, chini kabisa, ncha za vidole ziliingia ndani ya picha, zikapotea, zikaingia tena. Sikuwa nimeziona. Baba, na lile jicho lake, alikuwa ameziangalia siku zote hizo akisubiri mwenye vidole ajisogeze. Programu ilikuwa imenitii: ili picha ijae kioo cha mraba, ilikata pande mbili, kulia na kushoto, na kisanduku cha mkalimani kikaenda na upande wake. Nikarudi kwenye menyu, nikaondoa ile amri. Weusi ukarudi juu na chini, wabunge wakakonda, na kisanduku kikatokea mahali pake.

Ndani yake alisimama kijana wa kiume mwenye tai.

Baba akamtazama kwa muda mrefu. "Huyu ni kijana," akasema.

"Wanapokezana, baba. Hawezi mtu mmoja kusimama siku nzima."

"Kama reli."

"Kama reli."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza, tangu harusi ile, tuliyozungumza juu ya dada, na hakuna aliyemtaja. Mbunge wa mbolea akamaliza, akafuata wa maji, akafuata waziri. Chai yangu ikapoa. Niliogopa umeme. Niliogopa antena, upepo, na kile kijiti ambacho kilishakuwa cha moto. Nilitaka amwone kwa namna ambayo sikuwa nimejua kwamba naitaka.

Spika alipomwita mchangiaji mwingine, kijana akatoka kwenye kisanduku na dada akaingia.

Baba akavuta kiti hadi magoti yakagusa meza. Uso wake ulikuwa karibu na kioo kiasi kwamba mwanga wa Bunge ulimwangukia kwenye ndevu.

"Amekonda," akasema.

"Kazi ni nyingi."

Akaendelea kutazama. "Ana ushungi."

"Huwa anauvaa. Hakuuacha."

"Nani kasema aliuacha?"

Mchangiaji alikuwa amesimama, karatasi mkononi, na kabla ya kuingia kwenye hoja akaomba kuwasalimia wananchi wake. "Mheshimiwa Spika, naomba kwanza niwaamkie wazee wangu wanaonitazama huko nyumbani. Shikamooni."

Sijui neno hilo hufanywaje katika lugha ya alama. Nilichoona ni dada akiinama kidogo, viganja vikishuka mbele yake, macho yakitazama mbele, moja kwa moja, alipokaa baba.

"Marahaba, mama," baba akaitikia.

Mbunge alikuwa mwanamume, mwenye upara na sauti nzito.