Saba kwa Kila Jukwaa

Marlys Tollefson alitaka kustaafu, na kilichomzuia ni adabu za watu. Kiwanda chao, kaskazini mwa Minnesota, kilitengeneza vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu, na oda zote zilipitia programu aliyoiandika yeye mwaka 1994, kwa jukwaa, yaani chombo cha kuundia programu, ambalo kampuni iliyolitengeneza ilishafungwa zamani. Hakuna mwingine aliyeielewa. Bosi wake, Verlyn, alimwahidi: siku kamati yao ya watu wanne itakapochagua jukwaa jipya la kuundia programu za ofisini, siku hiyohiyo yuko huru kwenda Arizona kwa dada yake Ardis, mjane aliyemtengea chumba.

Ahadi hiyo sasa ilikuwa na miaka sita.

Majukwaa yalikuwa matatu. La kwanza liliunda programu za Windows tu, lakini zinazokwenda mbio. La pili lilikubali kompyuta za kila aina, ila programu zake zilichukua muda kufunguka. La tatu lilikuacha uburute visanduku kwa kipanya bila kuandika chochote. Kazi ya asubuhi moja, ungesema. Ungesema hivyo kama huwajui watu hawa, ambao wakialikwa hula wasichokipenda na kuomba waongezwe.

"Mimi lolote tu," LaVonne wa mauzo alisema kila kikao. "Darrel ndiye fundi."

"Aa, mimi nani bwana," alijibu Darrel, fundi mwenyewe wa kompyuta. "Utakayelitumia ni wewe, dada."

Verlyn aligawa fomu za alama, kumi kwa kila jukwaa. Zote zikarudi na saba. Saba, saba, saba.

"Nisingependa mengine yajisikie vibaya," LaVonne alieleza.

Mwaka wa nne, wenye jukwaa la tatu walifilisika. Kamati ikawatumia kadi ya rambirambi, ikatafuta jingine la kuziba pengo, ikaanza upya.

Januari ya mwaka wa sita Ardis alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipiga simu akasema haina neno, mtu asijisumbue. Marlys alikata simu akalia, maana alijua mtu wa kwao husema hivyo akiwa hoi.

Jumanne, fomu zilipogawiwa tena, hakupokea yake.

"Mimi nataka la kwanza," alisema.

Darrel akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyewahi kulisikia neno "nataka" humo ndani, na LaVonne akanyanyuka kumimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mengine ni mazuri tu," Marlys aliendelea, "lakini kompyuta zetu zote ni za Windows. Basi."

"Kumbe!" Verlyn alishusha pumzi. "Hata mimi nalitaka hilo, tangu mwaka wa kwanza!"

"Na mimi," alisema Darrel.

"Jamani, na mimi," alisema LaVonne, machozi yakimlengalenga.

Miaka sita! Mwingine angewamwagia ile kahawa. Marlys alichukua koti lake.

"Sasa, mama," Verlyn alisema, "mwenye msimamo hapa ni wewe peke yako. Tusimamie kuiunda hiyo programu mpya. Miaka mitatu tu."

"Hapana, asante."

Wote wakatabasamu. Kwao hapana ya kwanza ni kama salamu.

"Miwili basi, mama."

"Hapana, Verlyn."

Hapana ya pili ni heshima. Ya tatu haipo. Mara ya tatu mtu hukubali, iwe kahawa, kiti au kazi. LaVonne alishainua mikono apige makofi.

"Mmoja?"

"Hapana."

Mikono ya LaVonne ikabaki hewani. Walitazamana, maana hakuna aliyefundishwa na mama yake kinachofuata baada ya hapo. Marlys hakungoja wakitafute. Alitoka hadi kwenye gari, akakwangua barafu kiooni huku analia na kucheka, na wale watatu dirishani wakawa wanampungia mkono kwa kukosa la kufanya.

Akampigia Ardis.

"Nakuja, dada."

"Hakuna haja, mdogo wangu, usijisumbue."

"Sijakuuliza," Marlys alisema, akawasha gari.