Kidole Gumba cha Vita

Msusi hupaka wateja mafuta kwa mkono wa kushoto tu, maana kidole gumba cha kulia ni cha vita. Simu ameiegemeza kwenye kioo, na humo yeye ni jemadari katika mchezo wa majoka na mapanga, ule ulioanza na watu wachache, ukafurika wachezaji, na sasa wenye mchezo wanaufunga jioni hii. Akipigana huuma kitana na hamjibu mtu. Leo kaingia mchezaji mgeni, hana hata ngao. Msusi akamkabidhi yake, akamtangulia kupanda mlima anakolala joka kuu.

“Dada, si mchezo unafungwa leo?” akauliza mteja, kichwa nusu kimesukwa.

Msusi akatoa kitana mdomoni. “Sasa unadhani namharakisha huyu mgeni kwa nini? Joka lenyewe bado hajaliona!”