Mikono ya Mama na Mbwa Aitwaye Watasema

Juzi wajukuu zangu waliletewa dawa ya upele. Kikopo kilipofunguliwa tu, harufu ya kiberiti ikanipiga puani kama yai viza, nami nikajiona nimechutama tena shambani kwetu Chundwa, kata ya maji mkononi, nimechoka mchoko usiomstahili mtoto wa miaka minane.

Tulikuwa na mbwa. Msinikunjie uso. Shamba letu la mahindi lilikuwa mbali na mji, tumbili walikuwa wengi kuliko sisi, na baba alikuwa amekwenda bara kukata boriti. Yeye ndiye aliyemleta mbwa yule kabla ya kuondoka. Mbwa wa shamba ana ruhusa yake katika dini, alisema, kisha akampa jina la Watasema, kwa kuwa aliwajua majirani zake. Na kweli walisema.

Walizidi kusema mwaka ule alipoanza kujikuna. Alianza masikioni, akashuka tumboni, akajikuna mpaka manyoya yakapukutika na ngozi ikabaki nyekundu, yenye unyevunyevu. Hakulala. Tumbili waligundua mapema kuliko sisi, wakawa wanavunja mahindi mbele ya macho yake naye ameshughulika na ubavu wake.

Ami yangu, Bwana Shee, kaka yake baba, alikuja kututazama akasimama mbali.

"Shemeji, mtose baharini huyu. Atatupa upele sote."

"Nipa siku arubaini, Bwana Shee," mama alisema. "Asipopona, fanya utakalo."

Kesho yake mama alikwenda Faza kwa miguu, akarudi jioni na kiberiti upele, ule unga wa manjano, umefungwa karatasini. Aliuchanganya na mafuta ya nazi akampaka Watasema mwili mzima, kila baada ya siku mbili. Mbwa alinuka hata mbuzi wa jirani wakabadili njia.

Lakini kupaka haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kujitoharisha, kuondoa najisi ya mbwa kabla ya sala. Mbwa yule alikuwa majimaji kwa vidonda, na mama hakukosa sala hata moja, basi kila akimaliza alinyoosha mikono nami nikammiminia maji mara saba, ya kwanza kwa mchanga. Kisima kilikuwa mbali, na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Niliyateka mimi.

"Mama, kwa nini usimpake kwa kijiti?"

"Kijiti hakijui palipochubuka, mwanangu."

Siku moja mgongo uliniuma na mtungi ulikuwa karibu kwisha. Nilimimina nne, nikasema, "Saba." Mama alinitazama. Aliichukua kata mkononi mwangu, akajimiminia mwenyewe, polepole, tano, sita, saba, kisha akaketi palepale mchangani kwa muda mrefu, mikono imening'inia juu ya magoti. Mimi nilitamani anipige.

"Si tumwache tu, mama?" nikauliza.

"Leta mtungi," akasema.

Siku arubaini zilipotimia, Watasema alikuwa ameota manyoya membamba ya kijivu, kama ndevu za kijana. Alikuwa akibweka tena. Ami alikuja, akamzunguka, akaguna, akarudi zake. Mahindi tuliyavuna, si yote, lakini yalitosha kutufikisha mpaka baba aliporudi.

Nilidhani tumemaliza. Mahindi yalikuwa darini, shamba limebaki mabua matupu, na mbwa hana la kulinda. Lakini mvua zilipoanza, kuwasha kulirudi, na mama akatoa tena unga wake wa manjano. Ami alimkuta amepiga magoti kwenye tope, mafuta mpaka viwikoni.

"Yeo hii wamtibu kwa lipi, Shemeji? Mavuno yamekwisha."

Mama hakuinua uso. "Hajaacha kujikuna," alisema.

Ikawa hivyo kila masika. Hakupona kabisa; alikuwa akipata nafuu, kisha upele unarudi, miaka mitano, mpaka alipokufa kwa uzee. Nami niliendelea kuteka maji, na sikuruka hesabu tena.

Miaka yote ile niliamini mama ameumbwa tofauti nami, kwamba hachoki. Nilikuja kujua baadaye, nilipomuuguza mume wangu aliyelala kitandani misimu mitatu, nikimgeuza na kumwosha huku nikisikia mwili wangu wote unakataa. Mama alikuwa amechoka tangu siku ile ya kwanza aliporudi kutoka Faza. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Angelitamka, ningemuuliza tena kwa nini tusimwache, na nadhani zilikuwapo siku ambazo hakuwa na jibu.